Kapteni Hapiti Mtu Bila Salamu

Mtu wa Mbulu ukimwambia kwamba unamfahamu mwanamichezo mkubwa, atakuuliza swali moja tu: "Anakimbia mbio gani?" Hakuulizi kama anakimbia. Kwetu huku, kuanzia mashamba ya ngano ya Hanang hadi kwenye ukungu wa Endagikot, mchezo ni mbio. Mengine yote ni watoto kuchelewa kurudi nyumbani.

Ndiyo maana imenichukua miaka mingi kuandika habari za Kapteni. Kila nikishika kalamu nalisikia swali hilo, na jibu lake ni refu. Alikimbia, ndiyo. Alirusha mkuki pia. Alicheza mpira wa pete, wavu na mpira wa mikono, na katika yote hayo chuo chetu kilimpa jezi kabla hajaiomba. Nimeishi karibu na watu wengi waliojua kufanya jambo moja vizuri sana. Aliyefanya mambo matano vizuri hivyo, kisha akafua raba zake mwenyewe, ni huyo mmoja.

Jina lake silitaji. Mwenyewe hapendi, na nusu ya waliosoma naye hawalijui. Wahadhiri walimwita Kapteni. Mama wa kantini alimwita Kapteni hata alipokuwa anamgombeza kwa kuomba maziwa ya kumwagia kwenye wali. Mimi aliniita Katibu, kwa sababu nilikuwa katibu wa klabu ya michezo. Cheo hicho nilikipata baada ya kujaribiwa katika timu zote na kushindwa zote kwa heshima. Kocha wa wavu alinitazama nikiruka, kisha akaniuliza kama najua kuandika.

Hakuwa mrefu. Wageni waliokuja kumtazama walikuwa wakimtafuta katikati ya timu, kati ya wasichana warefu, naye yuko pembeni amechuchumaa anafunga kamba za viatu. Alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni, na mkono wa kulia ambao sijawahi kuona mfano wake. Ulikuwa unaanza safari taratibu, nyuma ya sikio, kama mtu anayetaka kujikuna. Halafu mpira unakuwa umeshafika. Hakuna sehemu ya katikati. Nimekaa pembeni ya viwanja miaka mitatu nikiitafuta hiyo sehemu ya katikati na sikuiona.

Waandishi wa habari waliomhoji walipenda kumtafutia asili ya huo mkono kijijini. Mmoja aliandika kwamba aliupata kwa kuwarushia mawe ndege waliokuwa wakila ngano ya baba yake. Nilimsomea.

"Katibu," akasema, "nani anapiga ndege kwa mkono? Tuna makombeo."

"Sasa ulijifunzia wapi?"

"Shuleni. Kulikuwa na mwalimu na mpira. Andika hivyo."

Niliandika hivyo kwenye ubao wa matangazo wa klabu. Hakuna aliyesoma. Watu walipenda ndege.

Kabla ya mechi alikula kiazi kimoja cha kuchemsha, cha baridi, bila chumvi, kutoka kwenye mfuko aliokuja nao kutoka kwao Endagikot. Mfuko ukiisha kabla ya muhula kwisha, alinunua viazi sokoni akavila kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. "Hivi vimelelewa kwenye joto," alisema. Aliogopa bwawa la kuogelea kuliko kitu chochote duniani. Tulipombembeleza ajaribu, kwa kuwa kocha wa kuogelea alikuwa amemtazama yale mabega kwa tamaa, alijibu kwamba maji ni ya kuoga na kunywa, na yote mawili hayana mashindano. Alichukia hotuba. Kapteni wa timu anatakiwa kusema maneno kabla ya mchezo, na maneno yake yalikuwa hayohayo daima: "Tumeshafika. Tucheze." Alikuwa mpole mpaka unakereka, lakini uwanjani alikuwa anamsalimia golikipa wa upande wa pili kwa mikono miwili, anamuulizia habari za nyumbani, halafu dakika chache baadaye anampeleka ndani ya nyavu pamoja na mpira.

Na hakupita mtu bila salamu. Hilo ndilo lililomfanya ashindwe mbio zake za kwanza kubwa, na ndilo lililomfanya apendwe.

Zilikuwa mbio za nyika za vyuo, yeye akiwa mwaka wa kwanza. Aliyeongoza alikuwa mwanafunzi mtu mzima, mwalimu aliyerudi kusoma, mama wa watoto, mkimbiaji mzuri aliyebakiwa na nguvu za mwaka mmoja au miwili hivi. Kapteni alimfikia kwenye mteremko wa mwisho. Sote tulioshikilia utepe tulimwona akija, mwepesi, hata jasho hana. Alipofika ubavuni kwa yule mama, midomo yake ikatikisika. Kisha, badala ya kupita, akapunguza mwendo. Wakaja hivyo bega kwa bega hadi kwetu, na yule mama akakata utepe kwa kifua chake.

Kocha alikuwa anakaribia kulia. "Kwa nini hukumpita?"

"Nilikuwa nimemwamkia, mwalimu."

"Halafu?"

"Hakuitikia."

"Angeitikiaje, wewe! Pumzi zimemwishia!"

"Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana nikasubiri."

Wakati wa chakula cha jioni yule mama alikatiza kantini nzima akachechemea hadi kwenye meza yetu. Akaweka mkono kichwani kwa Kapteni. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mwaka kesho usiniamkie."

Mwaka uliofuata Kapteni alipata njia. Alipita kwenye mstari wa kuanzia akiwaamkia wote waliomzidi umri, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja akangoja jibu. Waamuzi wakangoja naye. Bastola ilipolia hakuna aliyemwona tena hadi walipomkuta mwishoni anagawa maji.

Nimesimulia kisa hicho kwenye harusi na kwenye misiba, na watu hucheka kila mara. Kwa muda mrefu nilikisimulia kama kichekesho tu. Sikujua wakati huo kwamba angekuja kumsubiri mtu mwingine aitikie, na kwamba safari hiyo pasingekuwa na utepe.

Baba yake ni mkulima wa viazi na maharage, mwenye kondoo wachache na maneno machache zaidi. Nyumbani kwao wanazungumza Kiiraqw, lakini shikamoo ilishaingia siku nyingi pamoja na shule na kanisa, na mzee aliipenda kuliko wote. Mtoto asiyeamkia hakupewa uji. Likizo ya mwisho kabla Kapteni hajamaliza chuo, alikuja pale nyumbani mkufunzi wa kambi moja ya wakimbiaji, na gari. Alikuwa amemwona kwenye nyika. Alikaa na mzee, akakaa na wazee wa jirani, akaeleza: msichana aingie kambini wiki hiyohiyo, asicheze kitu kingine tena maisha yake. Mguu wa kukimbia, alisema, hauwekwi mahali ambapo mtu anaweza kuukanyaga.

Kila mtu wa Mbulu anajua mkimbiaji anaweza kufika wapi. Mzee akakubali. Kondoo akachinjwa, na wazee wakafanya slufay, ile sala ndefu ambayo mzee mmoja anaongoza kwa maneno kama wimbo, na wengine wote wanaitikia kila mstari. Ukiitikia, umeshakuwa ndani ya sala.

Kapteni aliitikia.

"Ningefanyaje, Katibu?" aliniambia, mara moja tu, na sijamuuliza tena. "Wazee wanakuombea mvua, wanakuombea ng'ombe, wanaombea miguu yako miwili kwa jina. Wewe ukae kimya kama gogo?"

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshawaitikia watu wengine. Kulikuwa na timu mbili chuoni zilizokuwa zimeingia fainali, na zote mbili aliziahidi kwamba atakuwepo. Hakuweza kuwakatalia wazee mbele ya sala, na hakuweza kuwaacha wasichana wale. Kwa hiyo alfajiri aliacha shati lake la kukimbilia juu ya kitanda, limekunjwa vizuri, akapanda basi. Mkufunzi alipokuja kumchukua alikuta shati.

Mzee hakupiga kelele. Alisema sentensi moja, ambayo mama yake Kapteni aliifikisha baadaye: "Sala imerudi nyumbani haina mtu." Alikuwa ametoa neno mbele ya wenzake wenye mvi, na mtoto wake mwenyewe akalikanyaga. Kuanzia siku hiyo akaacha kuitikia shikamoo yake.

Siku ya fainali zile nilikuwepo, kazi yangu ikiwa ni kubeba viatu. Mpira wa pete ulikuwa wa kwanza, na tulishindwa. Mpira wa mikono ulikuwa unaanza uwanja wa jirani kabla ule wa kwanza haujakauka jasho. Nilimwona akitoka huku na kwenda kule akibadilisha raba njiani, anaruka kwa mguu mmoja, mimi nyuma nimeshika raba nyingine kama mtumishi wa askofu. Wenzake walikuwa wameshatanguliwa. Akaingia. Yaliyofuata siwezi kuyaeleza vizuri, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyaeleza. Alirusha akiwa hewani, alirusha akiwa ameangushwa, alirusha akiwa amezipa mgongo nyavu. Walimwekea walinzi wawili, akawapasia wenzake. Walipomrudia mlinzi mmoja, akafunga. Mwishoni kabisa, matokeo yakiwa sare, ule mkono ulikwenda nyuma ya sikio taratibu. Nikakodoa macho. Halafu mpira ulikuwa ndani na wasichana wote wamelala juu ya Kapteni.

Tulishinda kwa goli moja. Usiku kucha chuo kiliimba. Yeye alikaa kwenye ngazi za bweni akila kiazi, na alipoona nimekaa karibu akauliza, "Unadhani habari hizi zitafika nyumbani?"

"Zitafika."

"Zikifika hatauliza."

Hakuuliza. Kambi haikurudi tena kumtafuta. Kapteni akamaliza chuo, akapangiwa kufundisha michezo katika sekondari moja huku Katesh, chini ya mlima, na kila likizo akapanda Endagikot kumwamkia baba yake. Mzee hakumfukuza. Alimwekea kiti. Alihakikisha amekula. Lakini maneno yote aliyapitisha kwa mama: "Mwulize mgeni wako kama barabara imeharibika." Kapteni ameketi palepale, magoti yao karibu yagusane. "Mwambie imeharibika kiasi," naye humjibu mama. Mama alipofariki, nilidhani kizuizi kimeondoka. Mzee akaanza kupitisha kwa mbwa.

"Bosi," humwambia mbwa, "mwambie huyo chai iko kwenye chupa."

Kapteni akinisimulia haya alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka. Katika miaka yote niliyomfahamu, mtu huyu aliyepata kila alichorusha mkono kukitafuta, kitu pekee nilichomwona akikitaka na kukikosa ni lile neno moja la mzee.

Kama mwalimu yuko vilevile, ila mwenye filimbi. Wasichana wake wanalalamika kwamba hawasifii. Sifa yake kubwa ni "Rudia." Hutembea vijijini kutafuta wachezaji, na huko ndiko alikofanya jambo ambalo kijijini Gehandu bado wanalizungumza. Alimkuta binti mmoja wa familia ya wafugaji, mrefu, mwenye mikono iliyomfanya Kapteni asimame njiani. Baba wa binti alikuwa Mdatoga mwenye fimbo na msimamo.

"Akienda kucheza, nani atachunga?" akauliza.

"Mimi," akasema Kapteni.

Yule baba akadhani ni mzaha wa watu wa shule. Siku ya mechi Kapteni alimkabidhi filimbi mwalimu mwenzake, akachukua fimbo, akaenda na ng'ombe. Timu yake ikacheza bila yeye kuiona. Jioni aliwarudisha wote salama, na yule baba akawakagua mmoja mmoja akikunja uso.

"Mwalimu, ng'ombe wangu wanahema. Ulikuwa unakimbia nao?"

"Kidogo tu, mzee."

"Usikimbie nao." Kisha baada ya kufikiri: "Mechi ijayo ni lini?"

Asubuhi ile tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, mimi sikuwa Katesh. Nilisikia redioni kama wengine, nikapiga simu hazikupatikana. Yeye mwenyewe hasimulii. Ninayoyajua nimeyapata kwa mama anayeuza mitumba sokoni, aliyekuwa amekwama juu ya paa la banda pale Jorodom, tope na magogo vikipita pande zote. Watu walikuwa upande wa pili, karibu vya kutosha kuonana nyuso, mbali mno kufikiana. Kulikuwa na kamba. Vijana wakajaribu kuirusha ikaanguka njiani. Ndipo akatokea mwanamke mmoja wa makamo, peku, akafunga jiwe kwenye ncha.

"Kabla hajarusha," mama wa mitumba aliniambia, "akanipigia kelele, 'Shikamoo mama!' Nikasema huyu ana wazimu. Lakini nikaitikia. Na nilipoitikia ndipo nikaona kwamba bado niko hai."

Alikosa. Akavuta kamba, akarusha tena, akakosa. Aliporusha tena, jiwe lilitua kwenye bati pembeni ya goti la yule mama, taratibu, kama limewekwa. Alishinda pale mpaka jioni, na wengi wengine walifanya makubwa kuliko hayo, na wengi hawakufikiwa na kamba yoyote. Kwa ajili ya hao Kapteni hataki kisa hiki kisimuliwe. Nakisimulia kwa sababu kilipanda mlima bila yeye. Kilipita kanisani, kikapita mnadani, na kila kilipopita kamba ikazidi kuwa ndefu, hadi kikafika Endagikot.

Mwaka jana nilikuwa Mbulu mjini kwa shughuli zangu nikakutana naye nje ya duka la pembejeo. Nywele zimeanza mvi upande mmoja tu, kama mtu aliyepita karibu na unga. Nilimwambia nimenenepa kabla hajaniambia yeye.

"Twende nyumbani ukanywe maziwa, Katibu," akasema. "Mzee anapenda wageni. Ni mimi tu asiyeniitikia."

Tulimkuta amekaa kwenye benchi nje, blanketi mabegani, anachambua viazi vya mbegu. Bosi alikuwa miguuni pake, mzee kama yeye, hata mkia hakuinua.

"Shikamoo baba," akasema Kapteni.

Mzee akageuza kiazi, akakitazama macho yake ya kuchipulia, akakiweka kwenye debe.

"Shikamoo mzee," nikasema mimi.

"Marahaba, karibu. Umekuja na nani?"

Nikamtazama Kapteni, aliyesimama hatua moja kutoka kwangu. Naye akanitazama kwa macho ya mtu anayejizuia kucheka. Nikatambua kwamba Bosi amestaafu na nafasi yake nimepewa mimi. Ni cheo cha pili katika maisha yangu, na hiki pia sikukipata kwa mbio.

"Nimekuja na mwalimu, mzee," nikasema.

"Ehe." Akachukua kiazi kingine. "Mwulize mwalimu. Ile kamba ya Jorodom aliirushaje?"

Nikageuka. "Kapteni, mzee anauliza..."

"Mwambie, kama mpira wa mikono."

"Anasema, kama mpira wa..."

"Nimesikia. Mpira wa mikono ndiyo upi? Ule wa kudaka au ule wa kikapu?"

"Mwambie si huo wala huo. Kuna goli, kuna golikipa, unarusha kwa mkono mmoja, lakini..."

"Sielewi," mzee akasema, na sasa alikuwa ameacha viazi. Alikuwa hanitazami tena mimi. "Nionyeshe."

Ng'ombe waliokuwa zizini waliendelea kucheua. Kapteni alisimama kama alivyokuwa, mdomo wazi kidogo. Kisha akainama kwenye debe, akachagua kiazi kikubwa.

"Katibu, nenda golini."

Goli lilikuwa mlango wa zizi, kati ya nguzo mbili. Nilisimama pale na viatu vyangu vya mjini, nikatanua mikono kama nilivyoona wanatanua. Nilifikiri kwamba sasa, nikiwa mbele yake kabisa, hatimaye nitaiona ile sehemu ya katikati. Mkono ukaenda nyuma ya sikio, taratibu. Halafu nikasikia mlio nyuma yangu, na nilipogeuka kiazi kilikuwa kimepasuka kwenye ubao wa zizi, na ng'ombe mmoja ananitazama kwa huruma.

"Hicho kilikuwa cha mbegu," mzee akasema.

"Samahani, baba."

Upepo ulikuwa unakuja na harufu ya mvua kutoka upande wa msitu. Mzee akajivutia blanketi.

"Siku ile ulipoondoka," akasema. "Huo ndio mlioenda kucheza?"

"Huo na mwingine, baba. Ule mwingine tulishindwa."

"Na huu?"

"Tulishinda."

"Kwa mengi?"

"Kwa goli moja."

"Nani alilifunga?"

"Mimi, baba."

Mzee akalifikiria jibu hilo kama alivyokuwa akiyafikiria macho ya viazi vyake, akilitazama huku na huku. Kisha akatikisa kichwa juu na chini na kurudi kwenye debe.

"Marahaba," akasema.

Kapteni alikuja zizini kuokota vipande vya kile kiazi. Vilikuwa viwili tu, lakini alikaa ameinama kwa muda mrefu, na mimi nikabaki nimesimama golini, mikono bado nimeitanua, ili mzee asimwone uso.